Kinywaji cha Lamu

Jumatatu, 7 Julai

Afande Joska ametangaza vita. Biashara imelala, kaunta itabaki na mtu mmoja. Ni mimi au Bonny. Atakayeshindwa anahamia nyuma kuosha glasi. Tutapimwa Jumamosi kwa pinya kolada, kile kinywaji cha nanasi, nazi na ramu ambacho mgeni mmoja aliagiza wiki iliyopita, tukabaki tunatazamana.

Baa ni yake, na alikuwa sajenti wa polisi. Hapa Kisugu hata mchungaji wake humwita Afande. Hakuna rufaa.

Nyuma sitaki. Nyuma kuna ukuta na karai. Kwenye kaunta Amito hukaa kila saa kumi na mbili jioni, soda moja, kabla ya kwenda lindo lake kwenye ghala la jirani. Katika Kampala nzima ni yeye tu anayeniita Wangila. Wengine wananiita Mkenya. Mwaka wa nne huu.

Bonny ana blenda mpya. Mimi nina akili. Nimesoma simu mpaka macho yamewasha. Kinywaji ni cha Puerto Rico. Yupo mhudumu wa hoteli anayesemekana kukitunga, yupo wa mgahawa anayesema ni chake, na wengine wanasema ni cha haramia aliyewanywesha mabaharia wake ili wasikate tamaa. Watu watatu wanagombea glasi moja. Mimi sina hata wa kugombana naye ukiacha Bonny.

Mkakati: watu hawanywi kinywaji, wanakunywa hadithi yake.

Jumanne, 8 Julai

Nimemweleza Afande kwamba hiki ni kinywaji cha ramu, kiandikwe hivyo. Akachukua chaki, akaandika kwenye ubao wa nje kwa herufi kubwa: JUMAMOSI, KINYWAJI CHA LAMU.

Nilitaka kumsahihisha. Lakini mteja mmoja alisoma, akaniuliza kwa heshima kama kumbe mimi ni mtu wa Lamu. Kwa heshima! Nikasema ndiyo.

Mimi ni wa Bungoma, bara kabisa. Bahari nimeiona mara moja, kupitia dirisha la basi.

Kufikia jioni nilikuwa na babu aliyekitunga kinywaji hiki Lamu, kwa ajili ya nahodha mgonjwa. Bonny hana babu wa aina hiyo. Amito alisikiliza yote, akasema hakujua kama nimetoka mbali hivyo. Nilifurahi kuliko inavyostahili.

Jumatano, 9 Julai

Nimekwenda Kisenyi kutafuta nazi. Muuzaji anaitwa Hamim. Nikajitapa kidogo ili anipunguzie bei: nikasema mimi mtu wa Lamu.

Hamim ni mtu wa Lamu.

Akaacha wateja wamesimama. Akaniambia miaka kumi na mmoja yuko hapa, na hajapata mtu wa kwao wa kukaa naye. Akaniuliza mtaa. Nikasema tulihama nikiwa mdogo. Akanikalisha, akaleta chai ya tangawizi. Nikanywa vikombe vitatu, nikapewa habari za watu nisiowajua, nikawasikitikia waliokufa. Alinieleza jinsi mama yake anavyokaa barazani kumsubiri apige simu. Ilikuwa saa nzuri kuliko zote nilizopata mwaka huu, na haikuwa yangu.

Wakati wa kuondoka akauliza kama nina mbuzi. Nikamwambia ninao watatu, wako kwa mama. Akanitazama, halafu akacheka mpaka akapangusa machozi. Kumbe alimaanisha kile kibao cha kukunia nazi, chenye meno. Akaniazima chake, akanipa na nazi sita bure. Aliuliza nafanya kazi wapi, aje kunijulia hali. Nikamwambia Kisugu, nikatoka haraka.

Alhamisi, 10 Julai

Majaribio. Tui la kwanza na maji ya nanasi: limekatika, mabonge matupu. La pili, nimeongeza ndimu kama wafanyavyo wengine: limekatika zaidi. La tatu, ramu nyeusi juu: zuri kwa macho tu. Afande amependekeza tuweke waragi, ni ya nyumbani. Nimemweleza kwamba ukibadilisha pombe, jina nalo linabadilika. Akasema jina liko kwa ubao tayari.

Amito alionja lisilo na ramu kwa sababu alikuwa anaingia kazini. Alisema, "Wangila, hii tamu, lakini nyepesi. Kwetu Kitgum tungeweka odii." Odii ni siagi yao ya simsim na karanga. Nimeijaribu baada ya yeye kuondoka. Imekuwa mchuzi.

Mwishowe nimepata: tui zito la kwanza, nanasi lililochujwa mara mbili, ramu nyeupe, barafu mwisho kabisa. Kolada yenyewe maana yake ni iliyochujwa. Tatizo lote lilikuwa uvivu wangu wa kuchuja.

Jumamosi, 12 Julai

Naandika kwa sababu sina wa kumwambia.

Watu walijaa, wengi polisi wastaafu. Bonny alianza. Barafu tele, juisi ya pakiti, maziwa ya kopo badala ya nazi. Walipomuuliza kinywaji kimetoka wapi, akasema kwenye simu. Nilimhurumia.

Nikamimina changu. Nikaanza babu, nahodha, homa. Nilikuwa nimefika pale nahodha anapofumbua macho, Amito akaingia. "Wangila, ndugu yako wa Lamu amekuja."

Hamim, kanzu nyeupe, kapu la mahamri mkononi. Aliulizia njiani mtu wa Lamu, wakamwonyesha ubao na kumsimulia habari za babu.

Alinisemesha Kiamu, lahaja ya kwao. Nilielewa jina la Mungu tu. Kisha akauliza kwa Kiswahili cha kila mtu, kwa upole, babu yangu aliyepika pombe Lamu ni wa ukoo gani, maana makaburi ya pale anayajua. Nikasema kosa ni la ubao, ilitakiwa iwe ramu, siyo Lamu.

Afande akashangaa. "Si ndiyo niliandika? Lamu. Pombe ya lamu."

Hamim aliweka mahamri juu ya kaunta, akasema yaliwe yakiwa ya moto, akatoka.

Afande alionja glasi zote mbili. Akasema yangu ndiyo tamu, na kaunta ni ya Bonny. "Mimi polisi miaka ishirini na sita. Mtu nadanganya kwao ni wapi, atasema kweli ndani ya glasi iko nini?"

Jumapili, 13 Julai

Nyuma. Glasi arobaini. Saa kumi na mbili nilimsikia Amito akicheka na Bonny ng'ambo ya ukuta.

Baadaye alikuja mlangoni. Akaniuliza kama Wangila ni jina langu la kweli. Nikamtolea kitambulisho. Alikisoma mbele na nyuma, akakirudisha, akasema sawa. Nimeumia sana.

Jumatatu, 14 Julai

Nimekwenda Kisenyi kurudisha mbuzi ya Hamim. Nilidhani atanifukuza. Akanimiminia chai.

Alisema pombe yangu haimhusu, hesabu ni yangu na Mola wangu. Lakini miaka yote hii yeye huongea na watu habari za nazi tu, na Jumatano aliongea habari za mama yake. Hahitaji mtu wa Lamu. Anahitaji mtu wa kuja. Basi nimwambie jambo moja, kwetu hasa ni wapi, na yaishe.

Neno moja tu. Bungoma. Lilifika kwenye ulimi. Halafu nikamwona amenisogezea sukari, uso umekunjuka, nikaogopa Bungoma haitamtosha.

Nikamwambia upande wa baba ni bara, ila mama ni mtu wa Pate, kile kisiwa jirani na Lamu. Nilikiona kwenye ramani.

Hamim akauliza mama yangu ni binti nani. Nikasema nitampigia simu nimuulize.

Alichukua mbuzi yake, akaipangusa taratibu, akaitundika ukutani. Nafikiri safari hii ameniamini.