Mwaridi wa Mshindani Namba 47

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Maonyesho ya Bustani

Ndugu Mwenyekiti,

Naandika kwa adabu, maana marehemu mke wangu hakupenda barua za hasira.

Jumamosi nilikuja kwenye maonyesho yenu na rafiki yangu, fundi saa, aliyenitoa nyumbani kwa kunivuta mkono. Tulibeba mwaridi wa mke wangu, katika ndoo ya rangi aliyoitoboa mwenyewe kwa msumari. Niliuandikisha kwa jina lake. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nyasi zenu zimezungushiwa kamba na ubao wa "Usikanyage". Tulipanga foleni saa nzima kwenda kutazama nyasi zikipumzika.

2. Jaji wenu, mama mwenye miwani mbili, moja usoni na moja kichwani, aliuliza mwenye mwaridi yuko wapi. Fundi saa akajibu, "Shemeji hakujaliwa kufika." Jaji akasema, "Basi mwakani awahi," akatupita. Eti kanuni inataka mshindani asimame kando ya mmea wake.

3. Kanuni hiyo inawaonea marehemu. Nani ana nidhamu kuwashinda? Hawabishani na majaji, hawanyofoi maua ya jirani, hawakanyagi nyasi. Naomba watengewe kundi lao, na mmoja wao aingie kwenye kamati. Kwa mwendo wa ile foleni, nadhani mmeshaanza.

4. Mwaridi wenyewe ni shahidi. Miaka kumi na moja ulitoa maua meupe. Tangu mwenyewe azikwe, unatoa mekundu. Mmea unaoomboleza kiasi hicho mnaunyimaje hata cheti?

Wasalimie majaji wote, pamoja na mlinzi wa lango aliyetusaidia kubeba ndoo.

Wako mtiifu,
Mume wa mshindani namba 47

Tanbihi: Nimemsomea fundi saa barua hii. Nilipofika namba nne akainamisha kichwa. Amekiri kwamba wiki ile ya msiba niliumwagilia mwaridi asubuhi, mchana na jioni, hadi mizizi ikaoza. Akatafuta mwingine, akaupanda kimya kimya katika ndoo ile ile, ili nisipatwe na msiba mara mbili. Mweupe haukupatikana.

Basi jaji alikuwa na haki, na malalamiko yote nayafuta. Ila jina lililo kwenye daftari lenu, namba 47, naomba msilifute. Ndoo ni yake kweli. Mkumbukeni.