Kinundu Kiko Kulia, Mshono Uko Kushoto

Kwa Mganga Mkuu wa Hospitali,
Ofisi ya pili baada ya maabara.

Ndugu Mganga Mkuu,

YAH: KUPASULIWA MGUU AMBAO HAUKUWA NA UGOMVI NA MTU

Natumaini barua hii itakukuta mzima, miguu yako yote miwili ikikutii. Mimi sijambo kwa kiasi changu: mguu mmoja ni mgonjwa na wa pili mmeupasua. Nakuandikia nikiwa dukani kwangu, juu ya meza ya kukatia. Cherehani iko kimya wiki ya tatu sasa na nguo za watu zimening'inia ukutani nusunusu, nyingine hazina mikono.

Mimi ni fundi cherehani, miaka thelathini na moja kazini. Cherehani yangu ni ya kukanyaga. Mguu wa kulia ndio unaosukuma, wa kushoto unasindikiza tu. Mwaka huu kiliniota kinundu mguu wa kulia, upande wa ndani wa kifundo, ukubwa wa kifungo cha koti, kikawa kinauma kila nikikanyaga. Nikaja kwenu kwa imani. Mkanilaza, mkanichoma sindano ya usingizi, mkanipasua mguu wa kushoto.

Nilipozinduka, daktari wa upasuaji alikuwa amesimama mwisho wa kitanda, uso umemchangamka. Akaniambia, "Hongera, fundi. Tumetafuta vizuri kabisa, hatukukuta kitu." Nami kwa ulevi wa dawa nikamshukuru sana. Mke wangu ndiye aliyefunua shuka, akatazama mguu huu, akatazama ule, akakaa chini.

Ndugu Mganga Mkuu, sidai fidia. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni karani wa wakili na kwa hiyo hujihesabu nusu wakili. Amenibembeleza tuwafikishe mahakamani, nimekataa. Ninachotaka ni kuombwa samahani. Neno moja, kutoka kinywani mwa aliyeshika kisu au aliye juu yake. Malalamiko yangu nayapanga hapa chini ili mjue neno hilo linatakiwa kwa sababu zipi.

La kwanza ni chaki. Kwangu mkasi haugusi kitambaa kabla chaki haijapita. Mteja husimama mbele yangu, namzungushia futikamba, natamka kipimo kwa sauti, naandika daftarini. Kulia na kushoto naandika kama ninavyomwona mimi niliyesimama mbele yake, si kama anavyojiona yeye, kwa sababu mwenye mkasi ni mimi. Hiyo ndiyo nidhamu ya kazi. Kwa miaka thelathini na moja hakuna mtu aliyetoka kwangu na mkono wa kushoto umeshonewa kulia. Sasa ninyi mna taa kubwa kama sinia, mna mashine inayolia kila nukta, mna watu sita waliofunika nyuso, na katika chumba chote hicho hamna kipande cha chaki. Kinundu chenyewe kilikuwa kinaonekana kutoka mlangoni. Kama kuna mtu angeinama kidogo tu, mimi leo ningekuwa nashona.

La pili ni ubora wa kazi. Mshono nimeukagua kwa miwani yangu ya kutungia uzi. Mapigo ya sindano ni tisa. Kati ya la tatu na la nne kidole kinapita, na mwishoni ngozi imekunjamana, kitu ambacho fundi anayejiheshimu hufumua na kuanza upya. Tena mmetumia uzi mweusi kwenye ngozi ya maji ya kunde na hakuna aliyeniuliza. Ninalisema hili kwa uchungu wa kitaaluma, kwa sababu kazi yenyewe haikuwa ngumu. Mlifungua, mkakuta hamna kitu, mkafunga. Ilikuwa kubandua na kubandika.

La tatu ni majibu yenu. Wiki ya kwanza nilimtuma mke wangu akaulize kilichotokea. Akarudi na barua yenye mhuri, inayosema kwamba mguu wangu ulipatwa na "tukio lisilotarajiwa katika mchakato wa utoaji huduma". Niliisoma mara nne nikitafuta ni nani aliyefanya nini. Hamna mtu ndani ya barua ile. Kuna mchakato tu, sijui anakaa chumba namba ngapi nimfuate. Mimi nikiunguza suruali ya mtu kwa pasi nasema nimeiunguza.

Hapa naomba nikupe mfano. Miaka miwili iliyopita nilikata mkono wa koti la mwalimu mkuu ukawa mfupi kwa inchi mbili, na harusi ya binti yake ilikuwa kesho yake. Nilifunga duka, nikatembea hadi kwake, nikasimama sebuleni mbele ya mkewe na wanawe na wageni waliokuja kupika, nikasema, "Mwalimu, koti nimeliharibu mimi. Samahani." Mwalimu akasema nikae, nikaletewa chai. Harusini alivaa shati, na mpaka leo ni mteja wangu. Yule mtu alikuwa na haki ya kunivunjia cherehani, lakini alichohitaji kilikuwa kujua kwamba nimejua.

Na msiniambie kwamba mlinipa pole. Pole nimepewa tele. Mlinzi wa getini kanipa, muuza maji kanipa, daktari mwenyewe aliponitoa wodini alinipa mbili. Pole ni neno la mpita njia. Anayekukanyaga hakupi pole, anaomba radhi.

La nne ni karatasi ya idhini, ile niliyoisaini mimi kukubali kukatwa. Sista alikuwa na mikono iliyojaa, akanipa kalamu akasema, "Jaza mwenyewe, fundi, una mwandiko mzuri." Kweli ninao. Nilijaza jina, umri, mguu unaopasuliwa, kila kitu. Shemeji anasema hiyo karatasi ndiyo silaha yetu, maana mgonjwa ana haki ya kukatwa pale tu alipokubali kukatwa, na nje ya hapo ni kumjeruhi mtu. Nakala yake mke wangu aliiweka mahali salama, yaani mahali ambapo hata yeye hapakumbuki. Anaitafuta sasa hivi ninapoandika, nasikia masanduku yanasogezwa chumba cha nyuma. Ikipatikana nitaiambatisha na hili la nne litajitosheleza.

La tano ni siri za mgonjwa. Kila nikija kufungwa kidonda sista huniita ukumbini mbele ya watu wote, "Yule baba wa mguu uliokosewa aje!" Hivi ndivyo? Mwili wa mtu ni amana. Daktari wako wa upasuaji ni mteja wangu miaka tisa, mguu wake mmoja ni mfupi kuliko mwenzake kwa nusu inchi, nimemshonea suruali kumi na moja na hakuna kiumbe aliyewahi kulisikia jambo hilo kutoka kwangu.

La sita ni sheria yenyewe. Shemeji amenieleza kwamba ili nishinde lazima nithibitishe mambo manne: kwamba daktari alikuwa na wajibu kwangu, kwamba hakuutimiza, kwamba nimeumia, na kwamba nimeumia kwa sababu hakuutimiza na si kwa sababu nyingine. Zaidi ya hayo, nimlete daktari mwingine aseme mbele ya hakimu kwamba kazi ya mwenzake ni mbovu. Tena nifanye haraka, maana kesi ikilala sana inakufa. Nilimuuliza shemeji kama amewahi kumwona daktari akimsema daktari. Akasema amemwona mmoja, alikuwa amestaafu na yuko mbali. Ndugu Mganga Mkuu, sisi mafundi tunasemana bure tangu asubuhi mpaka jioni. Mlete fundi yeyote atazame shati nililoshona mimi, atakuta makosa ambayo sijayafanya bado. Ndiyo maana wateja wetu wako salama.

Kutokana na hayo naomba yafuatayo, na naamini utayaona ni ya wastani.

Kwanza, kila chumba cha upasuaji kiwe na boksi la chaki, nyeupe kwa watu weusi na ya bluu kwa watu weupe, na mgonjwa achorwe akiwa macho, naye akubali kwa mdomo. Pili, kuwe na siku ya kujaribisha, kama tunavyopiga bandi nguo kabla ya kushona moja kwa moja, ili mgonjwa apate nafasi ya kusema hapa sipo. Tatu, hospitali itundike getini bango kama langu la dukani, lisemalo TUKIKOSEA TUNASEMA. Nne, mtihani wa mwisho wa madaktari wa upasuaji uongezewe pindo la suruali na tundu la kifungo, na msimamizi awe fundi. Tano, daktari wangu aje dukani kwa wiki tatu, akae kwenye benchi afumue mishono, kwa kuwa anayefumua kazi mbaya hujifunza kuichukia. Sita, hadi hayo yatakapotimia, kila mgonjwa aingie chumba cha upasuaji na fundi wake mwenye futikamba shingoni. Nimeshazungumza na wenzangu wa mtaa huu wote na wako tayari kuja Alhamisi, siku mliyonipangia mguu wa kulia. Tutakuwa kumi na wanne. Tutavaa hizo kofia zenu.

Nakiri kwamba naogopa Alhamisi, na naliandika hili bila mzaha. Nina miguu miwili tu na yote mmeshaitia hesabuni. Siwezi kukanyaga kwa wa kulia kwa sababu ya kinundu, wala kwa wa kushoto kwa sababu ya mshono, na kazi nyingine siijui. Nikilala tena kwenye kile kitanda nataka niwe nimeshasikia kwamba mnajua mlichonifanyia. Mtu ambaye hajakubali kwamba alikosea kushoto nitamwaminije kulia?

Nakutakia kazi njema. Nisalimie sista mwenye sauti, mlinzi wa getini, yule dada wa maabara aliyenitoa damu bila kuniumiza, na wagonjwa wa wodi namba tatu, hasa mzee wa kitanda cha dirishani anayekoroma. Msalimie na daktari mwenyewe, mwambie suruali yake ya kijivu imekwama kwenye pindo na sababu anaijua.

Wako katika maumivu na heshima,

Fundi wa mlango wa bluu,
mkabala na duka la vioo.

N.B. Nilikuwa naikunja barua hii niitie kwenye bahasha, mke wangu akaja na karatasi ya idhini. Ilikuwa ndani ya chungu kisichotumika. Kwenye mstari wa mguu unaopasuliwa pameandikwa, kwa mwandiko mzuri sana, KUSHOTO.

Mwandiko ni wangu. Nakumbuka sasa kwamba nilijaza karatasi ile nikimwaza mgonjwa amesimama mbele yangu, mguu mbaya ukiwa upande wa mkono wangu wa kushoto, nikaandika kama ninavyoandika daftarini siku zote. Mke wangu aliuliza ni nani duniani anayejipima mwenyewe kutoka nje. Shemeji ameisoma, amevaa viatu vyake, ameondoka bila kumaliza chai.

Basi la kwanza lifutwe, na la nne, na benchi la wiki tatu, na wale mafundi kumi na wanne nitawarudisha. Suruali ya daktari itakuwa tayari kesho. Nusu inchi ile ninyi hamkuisoma popote.

Koti la mwalimu mkuu nilikwenda kulikiri kwa miguu. Leo miguu haipo, ndiyo maana kosa hili nalikiri kwa kalamu, na neno lenyewe nimelifuta mara mbili kabla ya kuliacha, maana ni zito kuliko nilivyokuwa nikiwaambia watu. Niliandika mguu siyo. Samahani.

Ila kinundu kilikuwepo, ndugu yangu, ukubwa wa kifungo cha koti, na macho yalikuwepo jozi sita. Alhamisi nitafika. Nitakuwa nimeshachorwa chaki, na atakayechora ni mke wangu, kwa sababu mimi nyumbani siulizwi tena kulia ni wapi. Neno langu nimeshalitoa. Nasubiri lenu.