Kadi Moja ya Safu ya Mbele

Jumatatu, 3 Novemba

Nimeghadhibika. Nimesali alasiri, nimesoma uradi wangu wote hadi mwisho, na bado nimeghadhibika. Naandika ili moyo upoe.

Jana Jumuiya ya Watazamaji ilikutana, kama kila Jumapili, katika chumba cha Mshona Mapazia, nyuma ya ukumbi wa maonyesho. Sisi ni wazee saba tunaopenda tamthilia za nyimbo. Mshona Mapazia ndiye mwenyekiti, kwa kuwa viti ni vyake. Mazungumzo yalianza kwa heshima. Tukapitia tuzo za mwaka jana, na ile aibu ya kumtuza mwimbaji bora ambaye usiku wa tuzo sauti ilikuwa imemkauka, akashukuru kwa mikono. Kisha Mfamasia akaharibu.

Mfamasia ni mstaafu, jirani yangu na mtihani wangu. Alidai kwamba yule mwanamume aliyechomwa kisu katika tamthilia iliyopita hakuwa na haki ya kuimba beti nne kabla ya kukata roho. Miaka arobaini ameuza dawa, hajaona mgonjwa wa namna hiyo. Nikamjibu kwa utulivu kwamba ule ulikuwa wasia, na wasia haukatizwi. Akasema, basi Mwalimu, siku ukichomwa wewe tutakaa hapa mpaka Ijumaa. Wote wakacheka. Wote!

Ndipo Mshona Mapazia akatoa kadi. Meneja wa ukumbi ameipa jumuiya mwaliko mmoja: safu ya mbele, kiti cha katikati, Jumatano ya wiki ijayo, onyesho la kwanza la tamthilia ya binti wa mhunzi. Jina la mwenye kadi litasomwa jukwaani. Na binti wa mhunzi ni nani? Mjukuu wangu! Niliyemfundisha mimi kutamka herufi moja moja, kwa subira ambayo wazazi wake hawakuwa nayo. Ni mara yake ya kwanza kuimba peke yake mbele za watu.

Kadi itashindaniwa. Atakayeleta kosa bora la gazeti Jumapili ijayo, saa kumi, ndiye mwenye kadi. Huo ndio mchezo wetu wa miaka mingi. Kila mmoja ana daftari la vipande alivyokata magazetini. Mfamasia tayari ana kizito. Picha ya waimbaji kumi na wawili, wamevaa na kupambwa, na chini yake maneno yaliyopotea njia kutoka ukurasa wa mifugo: "Wote wamechanjwa na wako tayari kwa soko." Mimi nina tangazo la onyesho litakaloanza saa kumi na mbili jioni na kumalizika saa kumi na moja jioni, siku hiyohiyo. Walitabasamu. Kwa adabu.

Kweli, mjukuu alileta tiketi mbili nyumbani juma lililopita. Safu ya kumi na tisa, nyuma ya nguzo. Nilimwambia kwamba babu yake si mtu wa kuchungulia. Nitaingia kwa heshima au sitaingia. Mke wangu alizitia tiketi mkobani, akaufunga. Mkoba ule haujawahi kunipa raha.

Jumanne, 4 Novemba

Kosa la gazeti halingojwi kama mvua. Hupandwa.

Nimekwenda mwenyewe ofisi ya gazeti, dirisha la matangazo. Nimepeleka tangazo la shukrani, fupi, lenye uzito: "Marehemu anawashukuru wote waliomzika, na anaahidi kuwafanyia vivyo hivyo." Nilipolisoma njiani nilicheka peke yangu hadi mwanamke mmoja akavuka barabara.

Pana suala la uongo hapa, nami nimelitafakari kwa kina. Ami yangu alikufa kweli, miaka thelathini na moja iliyopita. Watu walimzika kweli. Shukrani zimechelewa tu. Dhamiri yangu ni nyeupe.

Binti wa dirishani alilisoma, akanitazama kwa huruma, akaniambia pole sana, babu. Nikainamisha kichwa. Jumapili Mfamasia atakiona kilichomnyoa kanga manyoya.

Alhamisi, 6 Novemba

Wamelisahihisha!

Gazeti ambalo wiki iliyopita lilichapisha orodha ya washindi wa tuzo na kusema inaendelea ukurasa wa tisa, na ukurasa wa tisa ukawa chemshabongo! Gazeti hilohilo! Leo, kwa tangazo langu, limepata akili. "Familia ya marehemu inawashukuru wote walioshiriki mazishi." Hakuna doa. Yule binti ameongeza hata dua mwishoni, juu ya jina langu, nzuri kuliko ambayo ningeandika mimi. Nani alimtuma?

Kufikia saa nne sebule ilikuwa imejaa watu wa kutoa pole. Mke wangu alikuwa akifua. Alitoka na povu mikononi akakuta majirani wanalia. Jirani wa ghorofa ya juu akaniuliza marehemu alikuwa na umri gani. Siwezi kusema uongo. Nikasema, angekuwa hai angekuwa na miaka mia moja na minne. Akatikisa kichwa, akasema, jamani, kifo hakina hodi.

Walipoondoka mke wangu akaniuliza ni ami yupi. Nikamwambia. Akafuta mikono kwa khanga. Akasema, Baba Watoto, yule tulimlilia, na mwaka ule nguvu za kulia nilikuwa nazo. Kisha akasema kama nina hamu ya matangazo nitangaze jambo la maana, lile jokofu bovu linalotuzibia njia ya jikoni, liuzwe.

Hapo nikapata mwanga. Hekima hutoka hata kwa mwenye hasira.

Nimeandika matangazo mawili. La kwanza la jokofu. La pili la kumpongeza mjukuu, kutoka kwa babu yake. Nimetia picha mbili katika bahasha moja, ya jokofu na yangu, bila maelezo yoyote nyuma. Haraka za pale dirishani nazijua sasa. Jumamosi, juu ya maneno "Babu yako anakuombea baraka", patasimama jokofu! Nani atashinda hilo? Mimi sijaandika kosa lolote. Nimewapa nafasi tu.

Jumamosi, 8 Novemba

Pongezi hazikuchapishwa. Nafasi haikutosha, wanasema, zitatoka Jumatatu. Lililochapishwa ni la jokofu.

Kwa picha yangu.

Nayanakili maneno, ili siku ya hesabu yawe ushahidi. "LINAUZWA. Kuukuu lakini bado lina nguvu. Hupiga kelele usiku kucha na huvuja kwa chini. Mlango haufungi mpaka usukumwe kwa goti. Sababu ya kuuza: mama wa nyumba amelichoka. Mnunuzi aje na watu wa kulibeba." Juu yake mimi, na kofia yangu ya heshima, nimekaza uso.

Simu ilianza kabla sijamaliza chai. Mwanamume mmoja aliuliza kama nala umeme mwingi. Mwanamke mmoja, sauti ya kistaarabu kabisa, aliuliza kama nitaweza kupita mlango mwembamba. Shemeji yangu alipiga kutoka mbali kumuuliza dada yake kama hatimaye ameamua. Mke wangu alilazimika kuketi. Tangu tuoane sijamwona akicheka hivyo, na sikufurahi.

Nilikwenda kwa muuza magazeti nikayanunua yote yaliyobaki. Mpumbavu yule akawatangazia wapita njia kwamba Mwalimu yumo gazetini leo, mpaka ameyamaliza yote mwenyewe! Hata kinyozi akaazima nakala.

Kisha nikajituliza. Nikasema moyoni, ewe nafsi, hili si balaa, hili ni kosa bora la mwaka! Nikachukua mkasi. Nikakata kwa uangalifu. Ndipo nikaikumbuka kanuni ya tano ya jumuiya: mwanachama haruhusiwi kushindanisha tangazo alilolipeleka yeye mwenyewe. Namba ya simu ni yangu. Sura ni yangu. Na kanuni yenyewe niliipendekeza mimi mwaka jana, ili kumziba Mfamasia.

Nimefunga daftari kwa nguvu hadi kamba ikakatika.

Jumapili, 9 Novemba

Nitaandika polepole, nisije nikatoboa karatasi.

Nilifika mapema, nikaketi karibu na cherehani, nikitumaini kwamba hakuna aliyeliona. Wakaleta vyao. Dhaifu. Nikaleta changu cha onyesho linalomalizika kabla ya kuanza. Mmoja akapiga mwayo. Kisha Mfamasia akasimama, akavaa miwani, akasema kile cha waimbaji waliochanjwa amekiweka kando kwa sababu Mola amemfungulia mlango mkubwa zaidi. Akakunjua karatasi.

Alisoma lote. Alipofika "huvuja kwa chini" akasita, akanitazama kwa masikitiko ya kitabibu, akasema, dawa yake ipo, sheikh wangu, ungeniambia mapema. Mzee mpiga ngoma mstaafu alilala juu ya vitambaa vya pazia akipiga sakafu kwa kiganja. Mshona Mapazia alifuta machozi kwa utepe wa kupimia.

Wakapiga kura kwa mikono. Sita juu. Na wa sita ni Mfamasia mwenyewe!

Nikasimama. Nikasema kura ni batili. Nikasema lile si kosa la gazeti hata kidogo, kwa kuwa nilikusudia mimi. Nikaeleza bahasha moja, picha mbili, haraka za dirishani. Na kwa kuwa ukweli ukianza kutoka haurudi, nikaeleza na habari za ami yangu. Wakatazamana. Nilihisi nimeshinda.

Mshona Mapazia akakata uzi kwa meno. Akasema, Mwalimu, gazeti lile halijamtii mhariri wake, halijamtii hata mwenye mtambo. Likutii wewe? Akaamua kwamba maelezo yangu hayaaminiki, kosa ni kosa, kadi ni ya Mfamasia.

Nilivaa viatu nje, cha kwangu kushoto, cha mtu mwingine kulia. Mfamasia akanifuata hadi mlangoni. Akasema, Mwalimu, mtoto ni wako, kadi chukua wewe. Kwa upole! Mbele za watu! Nikamwambia sipokei sadaka ya mtu aliyenisoma kama orodha ya dawa. Akabaki ameishika ile kadi hewani.

Jumatano, 12 Novemba

Jokofu limeondoka. Fundi wa majokofu alilichukua jana. Alisema alitaka kumwona mwenye sura.

Leo jioni mke wangu alitoka chumbani amevaa vizuri. Mlangoni alisimama yule fundi, amechana nywele, amevaa koti. Nikauliza, huyu anakwenda wapi. Mke wangu akajibu kwamba kuna tiketi isiyo na mtu na kuna mtu asiye na tiketi, na kwamba mtu huyu ameteremsha jokofu ghorofa tatu bila kunung'unika hata mara moja, jambo ambalo hajaliona ndani ya nyumba hii kwa miaka arobaini na minne. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama nataka alivue lile koti nilivae mimi. Nikasema nina kitabu cha kusoma.

Wakaenda.

Nilisoma kurasa mbili. Nikatoka kununua kiberiti. Kiberiti kinauzwa karibu na ukumbi pia.

Uani, nyuma ya ukumbi, wametupa mapambo ya zamani. Niliketi juu ya kiti cha enzi cha mbao nyembamba, chini ya dirisha la hewa. Nikasikia jina la Mfamasia likisomwa, kila silabi. Nikasikia vigelegele. Nikasaga meno. Kisha, baada ya mapumziko, ala zikanyamaza, ikabaki sauti moja.

Niliijua kabla haijamaliza neno la kwanza. Herufi zote mahali pake, hakuna iliyomezwa, kama nilivyomfundisha. Nikajikuta nimesimama. Nilishika ukuta. Ubeti wa kwanza niliupata wote. Wa pili ulifunikwa na makofi ya watu wasiojua kungoja. Wajinga! Makofi ni ya mwisho wa wimbo! Kabla ya ubeti wa tatu mlinzi akanimulika tochi. Nikamwambia mjukuu wangu yumo ndani. Akasema, mzee, kila mmoja ana mtu wake ndani, tupishe. Akanishika kiwiko, taratibu, mpaka barabarani.

Sikununua kiberiti.

Alhamisi, 13 Novemba

Mjukuu amekuja asubuhi, sauti imekwaruza, macho yanang'aa. Akanibusu mkono. Akauliza, Babu, uliona? Nikasema nilihudhuria. Hilo si uongo. Akauliza gauni lake lilikuwa la rangi gani. Nikasema, ya heshima. Akatazama sakafu.

Kisha akanieleza jambo. Wakati wa mapumziko Mfamasia aliondoka kwenye kiti chake na hakurudi. Alikuwa akinitafuta, ili sehemu ya pili niketi mimi. Alizunguka ngazi zote, akauliza kila mlinzi wa mlango wa mbele, akanitafuta hadi kwenye foleni ya choo. Wimbo wake wa mwisho mjukuu aliuimba mbele ya kiti kitupu.

Nimeghadhibika upya. Mlango wa mbele! Mtu mwenye akili angetafuta uani! Kiti kitupu, na mimi niko hatua ishirini nyuma ya ukuta, kwa uzembe wa mtu mmoja!

Mjukuu akatoa tiketi mfukoni. Jumamosi, safu ya kumi na tisa, nyuma ya nguzo. Akasema ameiomba mwenyewe kwa meneja, ni moja tu iliyobaki, na kwamba akijua nipo hata nyuma ya nguzo ataimba vizuri zaidi. Aliniwekea kiganjani, akakifunga kiganja changu kwa mikono yake miwili.

Nimemrudishia. Nimemweleza, kwa upendo, kwamba mambo ya heshima hayana njia ya mkato. Mke wangu ameipokea na kuuliza kama fundi ana nafasi Jumamosi.

Hawaoni mbali. Mimi nimeshaanza barua kwa kamati ya tuzo, na nimefika ukurasa wa sita. Napendekeza tuzo mpya kabisa, ikabidhiwe jukwaani, safu ya mbele ikiwa imesimama: Tuzo ya Mlezi wa Mwimbaji. Masharti nimeyaweka ya haki, yasiyompendelea mtu. Mshindi awe na umri usiopungua miaka sabini na sita, awe amewahi kufundisha herufi, na asiwe amewahi kuuza dawa.