Chapati za Bosi

Jumatatu, 4 Machi
Leo nimeanza ufugaji wa kisasa. Ng'ombe mmoja, ndama wake mmoja, banda moja Jangwani lililoezekwa mabango ya soda. Ranchi! Ndama ni dume, nimemwita Bosi. Pasaka anaenda bucha kwa Filbert. Tatizo mama yake. Mbavu nje, maziwa kiduchu. Filbert kamwangalia, kacheka mpaka kashika ukuta. Eti huyo ukimpika supu, utakunywa maji ya moto.

Jumanne, 5 Machi
Akili imefunguka! Mchafukoge, juu ya kijiwe changu cha soksi, anakaa mama Madhuben, mjane wa Kihindi. Kila asubuhi chapati yake ya kwanza ni ya ng'ombe. Ndiyo desturi yao. Ila mjini ng'ombe hamna, basi anawapa kunguru. Kunguru! Chapati ya samli! Alfajiri nikamfunga Bosi kamba, nikamvusha kabla mgambo hawajaamka. Nikagonga. Shikamoo mama, nimekuletea mgeni. Alimshika Bosi mashavu, machozi yakamtoka. Akaniambia toka marehemu mumewe aondoke hajagusa ndama. Chapati nne. Habari ya Pasaka sikumwambia. Mbona hakuniuliza.

Alhamisi, 7 Machi
Mama kawaambia jengo zima. Kila mlango chapati! Leo thelathini na moja. Bosi hataki hata kunyonya, maziwa ya nini tena? Tumbo linakua ukiliangalia. Nimempandisha kwenye mizani ya magunia ya mchele, wapagazi wakashangilia kama goli. Nimemtumia Filbert salamu: kesho njoo umwone mfugaji.

Ijumaa, 8 Machi
Filbert kaja mpaka mlangoni kwa mama Madhuben. Kamgonga Bosi ubavu wa kushoto. Ukalia kama ngoma. Akasema Isidori, huyu hajanenepa, kavimba, na akifa bucha langu halipokei mzoga. Kwa sauti! Mama anasikia! Hapohapo Bosi akapiga magoti.
Utani wote ukaniisha.
Daktari wa mifugo, Angelina, kaja na bodaboda, mpira mrefu na chupa ya mafuta. Kaupitisha mpira kooni. Gesi iliyotoka, mtaa wa pili walifunga madirisha. Kisha zamu yangu. Kanichamba! Unga wote ule unaua ndama. Ndama anakua kwa maziwa. Mlishe mama yake, kasema, majani na maji ya kutosha, maziwa yatakuja, na mwakani atakuzalia mwingine.
Muda wote huo mama Madhuben kakaa sakafuni na sari yake nyeupe, kichwa cha Bosi mapajani, anamnong'oneza Kigujarati. Nikaanza kuomba radhi. Akanikatisha. Alijua toka siku ya kwanza. Mjini hapa nani anamtembeza ndama kwa mapenzi? Alichokuwa anaomba ni kimoja tu, kwamba nitamzoea kabla Pasaka haijafika.
Nikajifanya nakagua kamba.

Jumapili, 10 Machi
Bosi mzima! Ananyonya, akimaliza ananipiga kichwa kiunoni. Filbert kauliza vipi Pasaka. Nimemwambia mapema mno. Basi Krismasi? Tutaona. Kanicheka, eti nimeshamuasili, niende nikamwandikishe shule. Alipoondoka nikakuta kaacha kiroba cha pumba mlangoni.
Jioni mama Madhuben kaniita. Jengo zima lina huzuni. Unga wameshanunua, sasa chapati wampe nani? Nikamkumbuka daktari. Mlishe mama yake! Yule dada kasoma bwana. Tumbo la ng'ombe mkubwa linawameza kina Bosi watano. Chapati thelathini na moja kwake si kitu, ni staftahi tu.
Kesho alfajiri nampeleka mama mtu. Nimewaambia wakande unga maradufu.