Breki za Gari la Babu na Mihuri ya Mtaa Mzima

Jumamosi, 22 Machi

Sijamwambia mtu yeyote. Tangu nipate leseni nimeendesha gari la marehemu Babu siku kumi na moja huku breki ya mkono imepandishwa. Siku kumi na moja! Nilidhani gari ni zito kwa uzee. Harufu ya kuungua nilimsingizia jirani yetu, Bwana Kuramochi, ambaye huchoma majani makavu. Hata nilimtazama kwa jicho baya. (Kwa mbali. Hakuona.)

Leo magurudumu ya nyuma yanalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Breki za huko zimekwisha. Na ukaguzi wa gari ni Ijumaa! Mjomba Tetsuro ametangaza mezani: lisipopita linakwenda kusagwa, na kuanzia Aprili mosi, siku nitakayoanza kazi, mwanawe Ryuhei atanipeleka, kwa kuwa naye yuko hukohuko. Kiwanda cha keki za samaki, dakika arobaini kwenda, arobaini kurudi. Ryuhei husimulia habari zake bila kuvuta pumzi, na huniita Bubu. Nilitikisa kichwa kukubali. Moyoni: kamwe!

Jumapili, 23 Machi

Nitabadilisha breki mwenyewe. Gereji wana foleni ya wiki mbili, tena wanataka niongee nao kwa simu. Spea nimenunua dukani kwa kunyoosha kidole.

Bibi akauliza kama najua ninachofanya. Nikasema najua. Akasema haya, mjukuu wangu, akaingia ndani kuwasha udi mbele ya picha ya Babu. Sikuipenda ile haraka yake.

Jeki, spana, magurudumu mawili ya nyuma nje. Ndani ya kila drumu ya breki mna vyuma viwili vilivyopinda kama mwezi mchanga, vimeshikwa na springi. Watu waoga hufungua upande mmoja, wakaumaliza, ndipo wakafungua wa pili. Mimi nilifungua pande zote mbili kwa mpigo, kuokoa muda. Springi zikaruka. Sasa ninazo nane kwenye bakuli la supu, na sijui hata moja ilitoka wapi.

Bwana Kuramochi akachungulia juu ya uzio. Alitengeneza matrekta ya ushirika miaka thelathini, basi anajiona. Akasema leo hali ya hewa ni njema. Nikasema njema. Akalitazama bakuli kwa muda mrefu. Akarudia kwamba kweli, ni njema, akaondoka. Mtu wa ajabu!

Jumatatu, 24 Machi

Springi zinanishinda. Vidole vitatu vina plasta.

Ryuhei alipita baada ya kazi, akacheka mpaka akakaa chini. Eti, "Bubu, hili ni gari au ni supu?" Akaniambia nianze kuzoea kiti chake cha abiria, na garini mwake hamliwi kitu. Nilimjibu vikali sana. Kwa sauti ambayo hakuisikia.

Jioni Bwana Kuramochi akaleta ubao wa matangazo, ule unaozunguka nyumba hadi nyumba: unasoma, unagonga mhuri wa familia, unaupeleka kwa jirani anayefuata. Chini ya tangazo la siku za takataka palikuwa na karatasi yenye mchoro wa penseli za rangi. Kaa, nadhani, mwenye miguu ya kujinyonganyonga. Bila shaka ni kazi ya mjukuu wake. Mtoto hana kipaji hata kidogo. Nikagonga mhuri wetu pembeni, nikaupeleka nyumba ya tatu.

Jumatano, 26 Machi

Ubao umerudi kwetu! Si zamu yetu. Bwana Kuramochi aliuweka mlangoni, akainama, akaondoka mbiombio.

Kaa ana mihuri kumi na mmoja. Nyumba ya tano wameandika: mtoto apewe hongera. Nyumba ya saba: hatuna pingamizi. Nyumba ya tisa, Bi Sugimori anayesambaza tofu ya soya kwa kigari chake: "Springi ya buluu inakaa nyuma, si mbele. Kuramochi, umezeeka."

Nikamtazama yule kaa tena. Hakuwa kaa.

Mtaa mzima unajua! Nilijifungia kabatini, tunamowekea magodoro mchana, kwa nusu saa. Kisha nikatoka na karatasi. Kufikia mchana kila springi ilikuwa mahali pake, pande zote mbili. Nilikuwa karibu kugundua mwenyewe. Kama Bwana Kuramochi angekuwa muungwana, si angesema tu?

Ijumaa, 28 Machi

Ukaguzi. Gari linapandishwa kwenye rola zinazozungusha magurudumu, unakanyaga breki, na ubao wa taa unaonyesha duara au alama ya mkasi. Duara umepita. Mkasi umefeli.

Mkaguzi akasema tafadhali nikanyage. Ameniambia tafadhali! Nikamwinamia kwa heshima. Paji la uso likagonga honi, mguu ukaachia pedali. Mkasi. Nikainama kuomba radhi kwa honi. Honi! Naye akainama kunituliza. Ningefanyaje? Honi!

Mara ya pili yaleyale. Unaruhusiwa mara tatu; ikabaki moja tu. Akaja dirishani, jasho linamtoka, akasema, "Dada, nakusihi, usiniheshimu. Kanyaga tu." Nikakaza shingo, nikamkodolea macho kama mtu asiyelelewa na yeyote. Nikakanyaga.

Duara! Gari la Babu halisagwi!

Jumapili, 6 Aprili

Wiki nzima nimekwenda kazini peke yangu. Kimya kitamu! Mtaani wanamsifu Bwana Kuramochi kwa mchoro. Watu hawathamini kazi ya mikono.

Ijumaa, kantini, Ryuhei alipaza sauti mbele ya wote: "Fundi Bubu! Na langu linapiga kelele mbele, utanitengenezea lini?" Meza nzima ikacheka. Nikasema Jumapili. Nilisema kwa sauti!

Kwa hiyo ameniachia gari lake. Breki za mbele ni za namna nyingine kabisa, lakini fundi ni fundi. Nimefungua magurudumu yote manne kwa mpigo, kuokoa muda. Chini kuna kidimbwi ambacho naamini ni maji ya mvua. Mvua ya mwisho ilinyesha Jumanne.

Sasa ni saa tano. Ryuhei anakuja saa saba. Shajara yangu, hili ni letu wawili. Akikuuliza, leo hukuniona.