Kompyuta na Mzee Koma

Jumatatu, 3 Machi

Wiki ya ushindi wangu imeanza vibaya. Asubuhi Mkuu wa chuo chetu cha udereva alituita ofisini kwake, mimi karani na mwenzangu Mhasibu. Akageuza shingo kulia, akageuza kushoto. Miaka ya kuendesha malori imemwachia hiyo, hata kwenye kiti hasogei bila kuangalia nyuma. Kisha akatangaza kwamba anataka meneja wa ofisi. Kila mmoja wetu aandike mpango wa jinsi ofisi itakavyoendeshwa. Ijumaa atachagua.

Meneja! Mlango wenye kibao! Mhasibu ajiandae kuniletea chai.

Nikakimbilia kompyuta yangu. Kuiwasha tu, kiduara kikaanza kuzunguka. Nikaenda chooni, nikarudi, kinazunguka. Nje mwanafunzi anayejifunza kurudi nyuma aliangusha nguzo zote, akazisimamisha, akaziangusha tena. Kinazunguka! Ilipofunguka nikaandika kichwa cha mpango kwa vidole vyote. Kioo kitupu. Halafu herufi zikaanza kuja moja moja, kama watu wanaoshuka ngazi gizani.

Ajabu ni kwamba kwa mchezo wa karata mashine hii haina tatizo lolote. Ni kazi ndiyo haitaki. Hapo tunafanana, lakini si wiki hii!

Nitamwita binamu. Ni fundi wa kompyuta na hawezi kunikatalia, mimi ndiye niliyemtafutia mke. (Mke alimkimbia, lakini hilo halinihusu.)

Jumanne, 4 Machi

Binamu amekuja. Akafungua boksi, vumbi kama blanketi. Akapuliza, tukakohoa wote. Akazima programu zinazojiwasha zenyewe, akasaka virusi, akafuta michezo yangu yote ya karata. Yote! Akasema diski ina nafasi tele, feni inazunguka, hakuna sababu ya kusuasua. Akaandika sentensi. Ikatoka papo hapo. Nikakaa mimi. Herufi moja. Kimya. Herufi moja. Kimya.

Akaniambia nitoe mikono. Nikatoa. Maneno niliyokwisha kuandika yakaendelea kuja taratibu, na kila baada ya neno moja au mawili ikatokea koma ambayo sikuiweka. Kwenye kila koma yalitulia kidogo, kama mtu anayevuta pumzi. Binamu akasogeza sikio kwenye boksi, ambalo lilikuwa likigonga, tap, kwa kila herufi. Akakaa hivyo muda mrefu.

"Ndugu yangu," akasema, "hii siyo kukwama. Kitu kikikwama hakina mwendo. Hiki kina mwendo wa mtu."

Akarudisha bisibisi zake kwenye begi, akaondoka bila kunywa chai. Binamu yangu huyo! Mtu ambaye hunywa chai hata kwenye misiba ya watu asiowajua!

Jumatano, 5 Machi

Mhasibu alipita na kikombe chake, akasimama mlangoni ghafla, chai ikamwagikia kiatu. Akasema alivyosikia ule mwendo alidhani Mzee Koma amerudi. Nikamuuliza Mzee Koma ndiye nani. Akashangaa kwamba sijaambiwa, basi akaniambia. Ni karani aliyekuwa hapa kabla yangu. Aliandika kwa kidole kimoja, na alipenda koma kiasi cha kuiweka katikati ya jina lake mwenyewe. Aliutaka umeneja tangu chuo kikiwa na gari moja. Hakuupata. Alifia hapo.

Akaonyesha kiti. Nilikuwa nimekikalia.

"Nilidhani unajua, kaka," akasema. "Nikawa nasema moyoni, huyu jamaa jasiri kweli."

Mara ya kwanza maishani kuitwa jasiri, na sikuifaidi.

Lakini akili yangu hailali! Mhasibu alipokwenda kula, nikabeba kompyuta yangu hadi mezani kwake, nikaleta yake. Zinafanana kama mapacha. Mzee ni wake sasa! Nikaketi, nikanyoosha vidole, nikaandika. Herufi moja. Kimya. Herufi moja. Koma.

Nikabadilisha kiti. Yaleyale. Nikahamia chumba cha mafunzo, nikakaa kati ya vigari vya mbao vya kufundishia alama za barabarani, nikatoa simu. Nilitaka kumwambia mke wangu nitachelewa. Ujumbe ulitoka hivi: Mke wangu, mpenzi, nitachelewa, kidogo, usinisubiri, kula. Mimi sijawahi kumwita mpenzi kwa maandishi. Akajibu kwamba amefurahi, ila ameogopa.

Kwa Mhasibu nako nasikia kibodi inalia tapa tapa tapa. Anasema leo mashine yake ina kasi ya ajabu.

Kwa hiyo si mashine. Si kiti. Si chumba. Kilichobaki sikupenda kukifikiria, nikaacha kukifikiria.

Alhamisi, 6 Machi

Nywele zimenisimama. Niliandika maneno mawili tu, Mpango wa, kisha nikaiweka mikono kwapani. Herufi hazikusimama. Ofisi, yetu, chini ya, meneja, mpya. Nilikuwa naangalia kibodi, hakuna kitufe hata kimoja kilichoshuka. Chumba kilijaa jua. Nje wanafunzi walikuwa wakicheka na gari likikoroma. Lakini shingo yangu ilikuwa baridi upande mmoja, ule ambao mtu husimama akitaka kusoma juu ya bega lako. Feni ikakohoa. Nikataka kukimbia.

Kisha nikasoma mistari ya kwanza. Kumbe lugha tamu! Aya safi, hoja zimekaa sawasawa! Mimi nisingeandika hivyo hata nifungiwe chumbani mwaka mzima.

Hofu ikapungua. Nikasogeza kiti pembeni kidogo ili mwenzangu apate nafasi, nikaenda zangu kunywa chai. Niliporudi, mpango ulikuwa umekamilika. Nikauchapisha, nikatia sahihi. Kuusoma wote wa nini? Meneja hasomi. Meneja anasaini.

Ijumaa, 7 Machi

NIMESHINDA! Mkuu alisoma mpango wangu mwanzo hadi mwisho bila kugeuza shingo hata kidogo. Uso ukampauka. Akasema kuna mtu mmoja tu aliyewahi kuandika namna hii, na mtu huyo yeye alimnyima. Safari hii hanyimi. Akanipa mkono, na wakati ananipa mkono akatazama nyuma ya bega langu, akainamisha kichwa kwa heshima. Nikageuka. Ukuta.

Mhasibu akaomba kuusoma. Akaurudisha akiushika kwa ncha za vidole. Akanipongeza kwa upole usio wake, akauliza kama nyumbani wanajua. Wanajua nini? Akanionyesha ukurasa wa mwisho. Meneja, ataingia, wa kwanza. Meneja, atakula, mezani. Meneja, hatakwenda, likizo. Meneja, hatahama, kiti hiki, iwe kwa ugonjwa, au kwa lolote, lililo zaidi ya ugonjwa.

Nikamuuliza zaidi ya ugonjwa kuna nini.

"Kaka, mimi sijui," akasema. "Umesaini wewe."

Wivu huo! Ni lugha ya kiofisi tu. Nani anafuata mambo haya?

Jumamosi, 8 Machi

Niko kazini. Chuo kimefungwa, watu wako makwao. Nilipita tu kuchukua mwavuli, nikakaa nipumzike kidogo, na sasa kila nikitaka kusimama naona ni heri nikae. Si kwamba nimeshindwa. Sijajaribu kwa nguvu. Mke wangu alipiga simu. Nilitaka kusema naja, nikasikia sauti yangu inasema nina, kazi, kidogo. Akaniamkia shikamoo, kama anavyomwamkia mtu mzima asiyemjua, akakata.

Wengine hapa wangekata tamaa. Mimi? Nimepata njia! Kuna mwandishi hodari humu ndani na halali. Nimemwomba kwa sauti, kwa adabu zote, amwandikie Mkuu barua aniombee likizo. Herufi zimeanza kuja palepale! Anaonekana kuipenda kazi hii, feni inavuma kwa raha. Barua ni ndefu, sijui likizo inahitaji kurasa ngapi, lakini yeye ana uzoefu. Jua linapiga kwenye kioo, sioni kilichoandikwa. Si neno. Ili asisumbuke, nimechukua karatasi tupu, nimetia sahihi chini, na jina langu kamili, na alama ya dole gumba kwa uhakika zaidi. Nimeiweka kwenye printa. Yeye ajaze tu.