Mvuke kwa Kila Kaya ya Kerege

Mheshimiwa Mgeni Rasmi ambaye hakuweza kufika, Mheshimiwa Mwakilishi wake ambaye yuko njiani, Ndugu Kaimu Mwenyekiti wa Kamati ya Kuwapokea hao wawili, viongozi wetu wa dini, wazee wangu shikamooni (Marahaba!), akina mama mliokaa juani, akina baba mliokaa kivulini, wageni waalikwa kutoka Mbegani, na wananchi wote wa Kerege, kila mmoja kwa umuhimu wake na kimo chake. (Makofi. Mtoto analia.)

Mimi mtumishi wenu, Abdillah Rajabu, Mratibu Mkuu wa Kanda wa Programu Shirikishi ya Mvuke wa Kunyoosha Nguo Majumbani, nimesimama hapa kwa unyenyekevu mkubwa, ambao nimesifiwa nao katika warsha saba, kuwatangazia kwamba zama za pasi ya mkaa, ile ya kupulizwa mpaka macho yawe mekundu na cheche zitoboe sare ya mtoto, zimefungwa rasmi! (Vigelegele.) Kuanzia leo mwananchi atatundika nguo yake, atabonyeza kitufe, mvuke utatoka, na mikunjo itaondoka yenyewe, kwa hiari, bila kulazimishwa, kwa kuzingatia misingi ya utawala bora. Utafiti wetu wa kitaalamu, tulioufanya kwa kutazama mkutano kama huu kwa mbali, unaonyesha kwamba asilimia tisini na moja nukta nne ya wakazi wa pwani walikuwa na mikunjo, na waliobaki walikuwa wamevaa fulana. (Kicheko.)

Ndiyo maana Ijumaa iliyopita, katika awamu ya kwanza ya utekelezaji, tulipita nyumba kwa nyumba, tukakusanya pasi zenu zote mia mbili na kumi na nne, tukazipeleka Msata kwa hifadhi ya kimkakati, ili mwananchi asije akashawishika kurudi nyuma. (Minong'ono. Sauti ya mwanamke: "Na mashine ziko wapi, baba?")

Nashukuru kwa swali hilo zuri, ambalo lina nafasi yake kwenye ratiba. Nani mwenzangu? (Sauti: "Shamsia! Mwanangu Yunus anaoa leo. Akdi saa kumi, sasa hivi saa tisa, na kanzu yake imetoka sandukuni kama karatasi ya kufungia maandazi. Pasi yangu mmeichukua!")

Hongera sana, Bi Shamsia! Makofi kwa bwana harusi! (Makofi.) Mnaona, ndugu wananchi, huyu ndiye tunayemwita mdau. Kanzu hiyo itakuwa kanzu ya mfano kwa kanda nzima. (Sauti: "Mfano ndio utakaomwoa Dija? Bibi harusi anangoja!" Kicheko kirefu.)

Subira, mama, subira. Mashine zinashushwa. (Sauti ya kijana: "Zinashushwa kutoka wapi? Gari lililokuja ni moja, na ndani ulikuwa umelala wewe!") Naomba utulivu huko nyuma. Kama nilivyokuwa nikieleza, teknolojia hii ina hatua tatu, ya kwanza ni maji, ya pili ni moto, na ya tatu, ambayo ni ya kitaalamu zaidi na inahitaji semina ya siku nne, ni... Bi Shamsia, unakwenda wapi? (Sauti: "Wifi Ashatu! Hebu funua sufuria la chai!")

Ndugu wananchi, msigeuke, jukwaa liko huku! (Watu wanageuka.) Naarifiwa... hapana, naona mwenyewe... akina mama wawili, hapo uani kwa Bi Shamsia nyuma yenu, wametundika kanzu kwenye ufito juu ya chai ya harusi, mmoja anavuta pindo, mwingine anapitisha kiganja kifuani, na mikunjo, Allahu akbar, mikunjo inaondoka! (Vigelegele. Sauti: "Inua, Ashatu, inua, isiguse chai!" Sauti nyingine: "Atanukia hiliki huyo, Dija atamnywa!") Iandikwe kwenye taarifa kwamba majaribio yamefanikiwa kwa asilimia mia moja, chini ya usimamizi wangu wa karibu! (Sauti: "Karibu gani, nawe uko juu ya meza?")

Sasa mbona mnanyanyuka? Bado nina kurasa kumi na mbili, ikiwemo dira ya miaka thelathini! (Bwana harusi anapita, kanzu imenyooka kama ukuta uliopakwa chokaa leo. Dufu zinalia. Watu wanamfuata kuelekea msikitini.) Basi itikieni huku mnatembea: Mvuke juu! (Zinaitikia dufu.) Mikunjo chini! (Sauti ya mbali: "Chini, mheshimiwa! Hata wewe shuka!")

Kwa hayo machache, nawashukuru kwa utulivu wenu, namshukuru dereva wangu, ambaye naona naye amekwenda harusini, na kwa namna ya pekee namshukuru Bi Shamsia. Mama, nakuomba, kabla hujaifunika hiyo chai, niruhusu nivue koti nitundike shati langu hapo dakika mbili tu, nami nifike kwenye akdi kama watu. Maana hiyo mashine, wallahi, tangu nipewe cheo hiki sijaiona hata kwenye picha.